Sikukuu za Ubelgiji: siku kumi za sheria, na nyingine nyingi ambazo sheria haizitaji

Jumanne inayotangulia Jumatano ya Majivu, mji wa Binche kusini mwa Ubelgiji husimama kwa ajili ya kanivali. Wenye maduka hufunika vioo vyao kwa mbao au wavu wa chuma, na ngoma hupigwa tangu kabla ya alfajiri. Kisheria, hiyo ni Jumanne ya kazi kama nyingine yoyote. Desemba 6, sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, ambayo watoto wengi wa Kibelgiji huihesabia usiku kuliko Krismasi, nayo ni ya kazi. Kinyume chake, Jumatatu ya Pentekoste nchi nzima hufunga kazi, na ukimwuliza mtu barabarani inaadhimisha nini huenda akababaika.

Anayeitazama kalenda ya Ubelgiji kwa mara ya kwanza huchanganyikiwa kwa sababu anatafuta orodha moja. Orodha ziko tatu na zinapishana: ya sheria ya kazi, ya jumuiya za lugha na mikoa, na ya miji na vijiji. Juu ya hizo kuna hesabu ya mwezi, ambayo kila mwaka huzisogeza baadhi ya siku na kuziacha nyingine palepale.

Siku kumi za sheria

Sheria ya Januari 4, 1974 ndiyo inayosimamia mapumziko yenye malipo. Siku ni kumi: Januari 1, Jumatatu ya Pasaka, Mei 1, Kupaa Bwana, Jumatatu ya Pentekoste, Julai 21, Agosti 15 (Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria), Novemba 1 (Watakatifu Wote), Novemba 11 na Desemba 25. Sita kati ya hizo ni za Kikanisa, na zilibaki hata baada ya makanisa mengi kubaki nusu tupu.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi atagundua upungufu mara moja. Ijumaa Kuu haimo. Desemba 26 haimo. Anayehamia Ubelgiji akadhani Ijumaa Kuu ni mapumziko kama nyumbani anaweza kujikuta ameandikiwa utoro. Wa Bujumbura atajisikia mwenyeji zaidi, kwa kuwa Kupaa Bwana, Agosti 15 na Novemba 1 ni mapumziko Burundi pia.

Jambo la pili la kujua ni fidia. Sikukuu ikiangukia Jumapili, au siku ambayo kampuni huwa haifanyi kazi, haipotei: mwajiri lazima atoe siku nyingine ya kazi badala yake, na lazima abandike tangazo la siku hizo kabla ya Desemba 15 ya mwaka unaotangulia. Asipopanga wala kukubaliana na wafanyakazi, siku ya kwanza ya kazi inayofuata ndiyo huwa mapumziko. Uchukue mwaka 2027. Mei 1 ni Jumamosi, Agosti 15 ni Jumapili, Desemba 25 ni Jumamosi. Anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa ana siku tatu za kudai mwaka huo, na wageni wengi huzipoteza kwa kutosoma ubao wa matangazo. Aliyeitwa kazini siku ya sikukuu yenyewe, kwa mfano hospitalini au hotelini, hupewa mapumziko ya fidia ndani ya wiki sita: siku nzima akiwa amefanya zaidi ya saa nne, nusu siku akiwa amefanya saa nne au pungufu.

Ofisi za serikali zina nyongeza zao. Watumishi wa serikali kuu hupumzika pia Novemba 2, Novemba 15 na Desemba 26. Kwa hiyo usipange kufuata hati Brussels katika tarehe hizo, hata kama duka la mkate chini ya nyumba yako liko wazi.

Mwezi unaosogeza kalenda

Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoanguka Machi 21 au baada yake. Haiwezi kuwa kabla ya Machi 22 wala baada ya Aprili 25. Tofauti na Idd, hapa hakuna anayetoka nje kuutazama mwezi. Kanisa hutumia jedwali la hesabu, ndiyo maana tarehe hujulikana miaka mingi mbele.

Ukishaijua Pasaka, mengine ni kujumlisha na kutoa. Jumanne ya kanivali ni siku 47 kabla. Jumapili ya Laetare, katikati ya Kwaresima, ni siku 21 kabla. Kupaa Bwana ni siku 39 baada, Jumatatu ya Pentekoste ni siku 50 baada, na Jumapili ya Utatu Mtakatifu ni siku 56 baada. Pasaka ya 2027 ni Machi 28. Basi kanivali ya Binche itafikia kilele Februari 9, Laetare itakuwa Machi 7, Kupaa Bwana Mei 6, Jumatatu ya Pentekoste Mei 17, na Utatu Mei 23. Makosa ya wasafiri huanzia hapa: mtu husoma kwamba sherehe fulani ilifanyika Machi mwaka jana, akakata tiketi ya Machi mwaka huu, akafika na kukuta mji umeshafagiliwa.

Kupaa Bwana daima ni Alhamisi, na Ijumaa yake huitwa daraja, kwa kuwa inaunganisha sikukuu na wikendi. Sheria haiitaji, lakini shule hufunga na wafanyakazi huomba likizo ya siku moja ili wapate nne. Omba mapema, maana kila mwenzako ofisini naye anaitaka.

Jumuiya, mikoa na shule

Ubelgiji ina jumuiya tatu zinazosimamia mambo ya lugha, elimu na utamaduni: ya Flandria (Kiholanzi), ya Kifaransa na ya Kijerumani. Ina pia mikoa mitatu: Flandria, Walonia na Brussels. Kila kimoja kina siku yake. Waflandria husherehekea Julai 11, kukumbuka vita vya Kortrijk vya 1302 ambapo askari wa miguu waliwashinda wapanda farasi wa mfalme wa Ufaransa na kuokota spua zao za dhahabu, yaani vyuma vya kisigino vya kumchochea farasi. Jumuiya ya Kifaransa ina Septemba 27, kwa sababu mwaka 1830 jeshi la Uholanzi liliondoka Brussels usiku wa kuamkia tarehe hiyo. Wanaosema Kijerumani, huko mashariki, wamechukua Novemba 15, ambayo pia ni Siku ya Mfalme. Mkoa wa Brussels una Mei 8, na Walonia Jumapili ya tatu ya Septemba.

Hizi si sikukuu za sheria ya kazi. Mtumishi wa serikali ya Flandria hupumzika Julai 11. Mfanyakazi wa kampuni binafsi katika mtaa uleule hupumzika tu mwajiri wake akipenda.

Julai 21 ndiyo inayowaunganisha wote, angalau kwenye karatasi. Siku hiyo mwaka 1831 Leopold I, mfalme wa kwanza, alikula kiapo Brussels. Hapo mwanzo sherehe za taifa zilikuwa Septemba, kukumbuka mapinduzi yenyewe. Sheria ya 1890 ndiyo iliyozihamishia Julai. Kuna ibada ya shukrani, gwaride la kijeshi mbele ya kasri la mfalme, na fataki usiku. Ukilinganisha na watu wanavyoichukulia sherehe ya mji wao, ni siku tulivu kiasi.

Shule zimezidisha mkanganyiko. Tangu mwaka wa masomo 2022–2023 shule za Kifaransa hufungua mwishoni mwa Agosti na kupewa wiki mbili za mapumziko wakati wa vuli na wiki mbili wakati wa kanivali. Za Kiholanzi zimebaki kufungua Septemba 1, na mapumziko hayo ni wiki moja moja. Familia ya Brussels yenye mtoto mmoja huku na mwingine kule hulazimika kuchapisha kalenda mbili na kuzibandika pamoja jikoni.

Binche

Katika orodha ya miji, Binche inastahili kuzungumziwa kwa kirefu. UNESCO iliitangaza kanivali yake kuwa urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2003. Mhusika wake ni Gille, na si kila mtu anaweza kuwa Gille. Lazima awe mwanamume wa Binche kwa kuzaliwa au kwa kukaa huko miaka, awe ndani ya chama, na asitoke nje ya mji akiwa amevaa. Haruhusiwi kutembea peke yake bila mpiga ngoma, wala kuonekana amelewa. Wanawake hawavai vazi hilo, ingawa bila wao wanaume wengi wasingefunga hata mkanda.

Mazoezi ya mitaani huanza wiki kadhaa kabla. Siku yenyewe huanza usiku wa manane. Mjazaji huja nyumbani na kumjaza Gille nyasi kavu za ngano, zilizosokotwa mafundo mafundo, kifuani na mgongoni ndani ya vazi la kitani lenye simba na nyota za rangi ya bendera. Akijaza vibaya, upande mmoja hushuka kabla ya saa sita mchana na mtu ataonekana kibyongo wa upande mpaka jioni. Juu hufungwa mkanda wa njuga, miguuni viatu vya mbao. Kisha mpiga ngoma hubisha hodi, Gille wa kwanza hutoka, wakamfuate wa pili, wa tatu, nyumba kwa nyumba, mpaka kundi litimie. Kifungua kinywa cha jadi ni chaza na divai ya Champagne.

Asubuhi huvaa kinyago cha nta chenye miwani ya kijani na masharubu. Watu wengi hufika mchana wakikisubiri na hawakioni, maana huvaliwa kwa muda mfupi tu kabla ya kufika ukumbi wa mji. Ukitaka kukiona, uwe mjini mapema asubuhi. Mchana huja kofia ya manyoya ya mbuni, yenye uzito wa kilo tatu hivi, ambayo karibu kila mtu huikodi kwa sababu kuinunua ni ghali mno. Mvua ikinyesha kofia hubaki ndani; manyoya yakilowa hulala na kazi yote huharibika.

Mchana huohuo akina Gille hurusha machungwa. Hapa ndipo mgeni hukosea. Chungwa ni zawadi: likija kwako lidake, likianguka liokote, lakini usilirushe tena, kwani kulirudisha ni tusi. Na usimpe mgongo anayerusha, maana chungwa gumu likikupata kichwani utalihisi. Vioo vya madirisha hufunikwa kwa sababu hiyohiyo. Usiku hucheza kuzunguka mwanga wa miale ya rangi, na fataki huishia kwa maandishi ya moto ya kaulimbiu ya mji, *Plus Oultre*.

Utaambiwa kwamba Gille anaiga Wainka, watu wa kale wa Peru, kutokana na karamu aliyoandaa Maria wa Hungaria kwa ajili ya kaka yake, Kaisari Karolo V, mwaka 1549. Karamu ilikuwepo kweli. Uhusiano wake na Gille ni hadithi iliyoshika nguvu katika karne ya 19, na wanahistoria hawaiungi mkono.

Kanivali nyingine, na mbili zilizoondolewa

Kule Malmedy mhusika mmoja hubeba koleo refu la mbao linalojikunja na kujinyoosha, akakukamata kifundo cha mguu katikati ya umati, asikuachie mpaka upige magoti na kuomba radhi kwa Kiwaloni. Stavelot hungoja Laetare: watu wenye majoho meupe na pua ndefu nyekundu huwapiga watazamaji kwa vibofu vya nguruwe vilivyokaushwa na kuwamwagia vipande vya karatasi. Geraardsbergen, mwishoni mwa Februari, wakubwa wa mji hunywa divai kutoka kikombe cha fedha chenye samaki mdogo aliye hai ndani yake, kisha umati hurushiwa mikate ya duara. Watetezi wa wanyama wamelalamika sana. Samaki bado anamezwa.

Aalst ni ya masihara ya kisiasa, na Jumanne wanaume hutoka wamevaa magauni yaliyochakaa, wakisukuma vigari vya watoto na kubeba miavuli iliyovunjika. Mwaka 2019 gari moja la maandamano lilibeba vinyago vya Wayahudi vyenye pua za ndoano na magunia ya pesa. Desemba mwaka huohuo UNESCO iliiondoa Aalst kwenye orodha yake. Ath ilifuata mwaka 2022. Huko, katika sherehe ya majitu (sanamu kubwa zinazobebwa na watu) ya mwishoni mwa Agosti, kulikuwa na mhusika aitwaye Mshenzi: mzungu aliyejipaka rangi nyeusi, na minyororo juu. Wenyeji walijitetea kwamba wanampenda. Kwa mtu mweusi aliyesimama kando ya barabara hiyo, katika nchi iliyoitawala Kongo, utetezi huo ni mwepesi, na uamuzi wa UNESCO ulikuwa sahihi.

Mons, Jumapili ya Utatu

Sherehe ya Mons ina sehemu mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa. Asubuhi ni maandamano ya dini: masalia ya Mtakatifu Waltrude huzungushwa mjini juu ya gari la dhahabu la karne ya 18, linalovutwa na farasi wakubwa wa kazi. Mwishoni gari lazima lipande mwinuko mkali kando ya kanisa kwa mkupuo mmoja. Farasi peke yao hawawezi, kwa hiyo mamia ya watu hulisukuma kwa nyuma. Likikwama katikati, mji huamini balaa linakuja, na wazee hutaja mwaka 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, kama ushahidi. Kinachokwamisha kwa kawaida ni mwendo: dereva akichelewa kuwachochea farasi chini ya mwinuko, uzito hushinda kabla ya wasukumaji kushika kasi.

Mchana, uwanja mkuu, Mtakatifu George hupigana na joka. Joka ni la fito zilizofunikwa, karibu mita kumi kwa urefu, na mkia wake mrefu mgumu huishia kwa manyoya ya farasi. Wabebaji wenye nguo nyeupe huushusha mkia juu ya vichwa vya watu, na kila mmoja huruka kung'oa unyoya mmoja wa bahati. Wanaume waliofunikwa majani huwazuia watu wasivuke kamba. Vita huisha kwa risasi ya bastola ya Mtakatifu George. Anayetaka kusimama mbele avae viatu vilivyofunika mguu, avue hereni na miwani, na asiende na mtoto. Watoto wana vita vyao vidogo Jumapili inayofuata.

Kiangazi

Kupaa Bwana ni siku ya Brugge, maandamano ya Damu Takatifu, masalia yanayoaminika kuwa ya damu ya Kristo. Julai ni ya Gent, siku kumi za muziki mitaani, Julai 21 ikiwa ndani yake. Brussels, Agosti 9, hupanda mti wa Meyboom, na lazima usimame kabla ya saa kumi na moja jioni, la sivyo haki ya kuupanda huhamia mji wa Leuven. Liège, mtaa wa Outremeuse, husherehekea Agosti 15 kwa misa, majitu na gongo liitwalo peket, kisha siku inayofuata hufanya mazishi ya mzaha ya mfupa, waombolezaji wakilia na kupunga majani ya selari. Siku hiyohiyo ya Agosti 15 Antwerp huadhimisha Siku ya Mama, wakati sehemu nyingine za nchi zimeshaimaliza Jumapili ya pili ya Mei. Mwana aliyehamia Antwerp na kuoa huko anadaiwa maua mara mbili.

Kuna pia siku isiyo ya Kibelgiji kwa asili. Juni 30, uhuru wa Kongo wa 1960, hukumbukwa katika mtaa wa Matonge, Ixelles, jijini Brussels, ambako Kiswahili na Kilingala husikika kwenye saluni na maduka ya vyakula. Mwaka 2018, tarehe hiyohiyo, uwanja ulio kwenye lango la mtaa huo ulipewa jina la Patrice Lumumba.

Kuanzia Novemba

Novemba 1 watu hupeleka krisanthemu makaburini. Kwa hiyo usimpelekee mwenyeji wako maua hayo akikualika chakula. Novemba 11 ni kumbukumbu ya kusitishwa Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini Aalst na Ypres ni siku ya zawadi pia, kwani huko anayewaletea watoto ni Mtakatifu Martin. Kwingineko ni Mtakatifu Nikolasi. Usiku wa Desemba 5 mtoto huweka kiatu karibu na jiko, ndani yake karoti kwa ajili ya mnyama wa mtakatifu: farasi mweupe Flandria, punda Walonia. Asubuhi karoti haipo. Kuna chenza, chokoleti na biskuti za viungo za speculoos. Msaidizi wa mtakatifu alipakwa rangi nyeusi kwa miaka mingi. Flandria walikubaliana mwaka 2016 kwamba apakwe masizi machache tu ya bomba la moshi, na ubishi bado haujaisha.

Krismasi ni ya nyumbani. Walonia huoka cougnou, mkate mtamu wa maziwa na siagi wenye umbo la mtoto aliyeviringishwa nguo. Januari 1 watoto wa Flandria husimama juu ya kiti na kuwasomea wazazi na wazazi wa ubatizo barua walizoandika shuleni, wakalipwa kwa sarafu. Februari 2 ni siku ya chapati za maji.

Katikati ya siku hizo mbili iko Jumatatu Iliyopotea ya Antwerp, Jumatatu ya baada ya Epifania (Januari 6), ambayo mwaka 2027 ni Januari 11. Huliwa vitu viwili: nyama ya kusaga iliyoviringishwa ndani ya unga na kuokwa, na tofaa zima lililotolewa moyo, likajazwa sukari na mdalasini, likafungwa unga na kuokwa vilevile. Ukioka mwenyewe, chagua tofaa gumu lenye uchachu, kwani laini hugeuka uji na kupasua unga. Ukinunua, weka oda kwa mwokaji wiki moja kabla. Kufikia saa nne asubuhi ya Jumatatu, kabati la kioo huwa limebaki na makombo.